Sifuri Moja Inatosha Kukunyang'anya Msimu

Ndugu waendeshaji, mafundi wa gereji, wazazi mliokuja na watoto wenu, na ninyi mnaofuatilia motokrosi kwenye simu kwa sababu mnaipenda tu: karibuni, na asanteni kwa kufika mapema.

Tumeombwa tuzungumzie msimu wa 2026 wa ubingwa wa dunia wa motokrosi, ule ulio chini ya FIM, shirikisho la kimataifa la pikipiki, na unaojulikana kama MXGP. Utabiri wa nani atakuwa bingwa mtaupata kokote. Sisi tutauangalia msimu kutoka chini ya pikipiki: kwenye chujio la hewa, kwenye cheni, kwenye springi, kwenye udongo. Hoja yetu ni moja. Ubingwa wa motokrosi haumwendei mwenye kasi kuliko wenzake, unamwendea mwenye sifuri chache, yaani mbio chache alizotoka bila pointi. Yote tutakayosema leo, hata namna ya kufua chujio, yanatokana na hesabu hiyo.

Basi tuanze na hesabu yenyewe. Daraja la juu ni MXGP, pikipiki za cc 450. Chini yake kuna MX2, pikipiki za cc 250, kwa vijana wasiozidi miaka 23. Wanawake wana ubingwa wao, WMX. Jumamosi ni mazoezi, halafu mbio ya kufuzu ya dakika 20 na mizunguko 2. Tangu 2023 mbio hiyo inatoa pointi za ubingwa: 10 kwa wa kwanza, kushuka hadi 1 kwa wa kumi. Tena ndiyo inayopanga nani achague kwanza nafasi kwenye geti la kuanzia. Jumapili kuna mbio mbili, kila moja dakika 30 na mizunguko 2. Maana yake saa ikifika dakika 30, anayeongoza akipita mstari anaonyeshwa kibao cha 2, na hapo ndipo wengi huchanganya gia kwa uchovu. Mshindi anapata 25, wa pili 22, wa tatu 20, wa nne 18, wa tano 16, wa sita 15, halafu inashuka moja moja hadi wa 20 anayepata 1. Ukishinda kila kitu wikendi nzima unaondoka na 60.

Sasa mchukue mwendeshaji aliyeshinda mbio ya kwanza Jumapili, kisha cheni ikamchomoka kwenye ya pili. Ana 25. Mwenzake kashika nafasi ya nne mara mbili, hakuna aliyempigia makofi, na ana 36. Pengo ni 11. Yule mwenye kasi akitaka kulifuta kwa kushinda huku mwenzake akiwa wa pili, kila ushindi unampa faida ya pointi 3 tu. Anahitaji kushinda mara 4, yaani Jumapili mbili nzima bila kosa, kulipia cheni moja. Wazazi mnaowanunulia watoto bomba jipya la moshi kabla ya kubadili cheni iliyovutika, hesabu hii nawaomba mwende nayo nyumbani.

Historia inaonyesha hivyo hivyo. Stefan Everts wa Ubelgiji alishinda Grand Prix 101, yaani raundi za ubingwa, na akaondoka na mataji 10 ya dunia. Jeffrey Herlings wa Uholanzi alimpita kwa idadi ya ushindi mwaka 2023, lakini mataji yake ni 5. Kwa kasi tupu, wapo wengi wanaoamini hajawahi kutokea wa kumfikia. Tofauti kubwa imetokana na mifupa. Mwaka 2014 alikuwa anaongoza MX2 kwa pengo kubwa, akavunjika mfupa wa paja, akakosa raundi kadhaa, na Jordi Tixier wa Ufaransa akachukua taji kwa pointi 4. Mwaka 2021 bahati ilimgeukia: ubingwa wa MXGP uliamuliwa siku ya mwisho kule Mantova, Italia, Herlings akampita Romain Febvre wa Ufaransa kwa pointi 5. Msimu mzima, mbio zaidi ya 30, na tofauti ni pungufu ya ile ya mshindi na wa tatu katika mbio mbili.

Febvre huyo huyo ndiye anayeanza 2026 akiwa bingwa. Taji la kwanza la daraja la juu alilipata 2015, la pili 2025 akiwa na Kawasaki, miaka 10 katikati. Aliyemfuata ni kijana wa Kibelgiji, Lucas Coenen, katika mwaka wake wa kwanza kwenye 450. Tim Gajser wa Slovenia, mwenye mataji 5, alikuwa juu ya msimamo mwanzoni mwa 2025 kisha akaumia bega. Mwaka huu Gajser anahamia Yamaha baada ya miaka mingi na Honda, na Herlings anaingia Honda baada ya kuendesha KTM tangu alipoanza Grand Prix. Kwenye MX2 bingwa ni Mjerumani, Simon Längenfelder. Na kwa mataifa, Australia imechukua Motocross of Nations mara mbili mfululizo, 2024 na 2025.

Mabadiliko ya Gajser na Herlings ndiyo habari kubwa ya majira haya ya baridi, na watu wanabishana nani kapata pikipiki nzuri zaidi. Fundi anajiuliza swali jingine. Mtu aliyezoea fremu moja kwa muongo mzima mikono yake inajua pikipiki itafanya nini gurudumu la mbele likiteleza. Akihamia nyingine, kwenye njia laini hutaona tofauti. Utaiona mzunguko wa 14, udongo umechimbika, mikono imechoka, anapofanya jambo kwa mazoea na pikipiki inajibu vingine. Kwa hiyo wawili hawa usiwapime kwa raundi ya kwanza. Wapime kwenye uwanja wa kwanza uliochimbika vibaya.

Na hapo tumefika kwenye udongo, kitu ambacho mtazamaji wa televisheni haoni.

Kuna viwanja ambavyo ubingwa huu hurudi karibu kila mwaka, na kila kimoja kina tabia yake. Lommel, Ubelgiji, ni mchanga mtupu, mwingi, usio na chini. Asubuhi umelainishwa. Baada ya mbio chache umegeuka mawimbi yanayofika magotini, na kila kona ina njia tatu au nne ambazo zinabadilika mzunguko hadi mzunguko. Riola Sardo, kisiwani Sardinia, nako ni mchanga, na Kegums kule Latvia pia ni udongo wa kichanga. Upande wa pili kuna Loket, Jamhuri ya Czech: mlima, udongo mgumu, unaoteleza hasa ukishamwagiwa maji juu juu. Kuna Pietramurata karibu na Arco di Trento, Italia, chini ya majabali, mgumu na wenye mawe madogo. Na kuna Teutschenthal, Ujerumani, bonde lenye miteremko mikali, ambako asubuhi udongo una unyevu na makorongo marefu, mchana umekauka na makorongo yale yale yamekuwa kuta ngumu.

Pikipiki ni moja, lakini huwezi kuipeleka Lommel ilivyotoka Loket. Kwenye mchanga mbele kunataka kuzama. Kwa hiyo shokapu za mbele zinateremshwa milimita 3 hadi 5 kwenye vishikio vyake ili pua ya pikipiki ipande, kompresheni, yaani ugumu wa shokapu inapobonyea, inakazwa kliki 2 hadi 4 kwenye skrubu yake, na nyuma pikipiki inaachwa ikae chini kidogo. Sproketi ya nyuma inaongezwa jino moja au mawili, maana mchanga unakula nguvu na gia inayofaa kwenye udongo mgumu itakuwa nzito mno. Mfano: 13 mbele na 49 nyuma ni uwiano wa 3.77, ukiweka 51 nyuma unakuwa 3.92. Msiharakishe kubadili ya mbele. Jino moja mbele ni sawa na karibu manne nyuma, na kutoka 13 kwenda 12 kunalazimisha cheni ijikunje kwenye duara dogo zaidi, inachakaa haraka na kusaga kipande cha plastiki kinacholinda mkono wa nyuma unaoshika gurudumu.

Kwenye udongo mgumu mambo yanageuka. Kompresheni inalegezwa ili gurudumu lifuate ardhi badala ya kurukaruka. Nguvu ya injini inapunguzwa ukali kwa kubadili ramani ya injini, kwa sababu tairi likishaanza kuzunguka bure pale Loket hakuna cha kulishika. Tairi lenye meno mafupi na yaliyokaribiana linachukua nafasi ya lile la mchanga lenye meno marefu yaliyoachana. Upepo, kwa wale wanaotumia tyubu, uwe kati ya psi 12 na 14. Ukishuka chini ya hapo kwenye mawe, rimu inabana tyubu na kuikata matundu mawili sambamba. Kwenye mchanga na tope mnaweza kwenda 11. Timu kubwa haziweki upepo kabisa, zinatumia muusi, yaani povu zito linalojaza tairi lote. Muusi haupati pancha, lakini usipopakwa jeli yake wakati wa kufunga unaungua kwa joto la msuguano na kuvunjika vipande vipande ndani ya tairi.

Breki nazo. Kuna watu wanashangaa kuona timu inabadili pedi mpya katikati ya mbio mbili za siku moja. Mchanga uliochanganyika na maji ni kama msasa: pedi iliyoingia nzima inaweza kutoka imebaki bati. Kwenye Jumapili ya mvua, pedi ni kitu cha kubadili bila kujadiliana.

Sasa chujio la hewa, na hapa tutakaa kidogo, maana ndicho kifaa cha bei ndogo kinachoua injini ya bei kubwa. Hata huku kwetu ndicho adui namba moja. Vumbi la kiangazi la Nairobi au Kampala ni jembamba kuliko mchanga wa Lommel, na kwa injini ni baya zaidi.

Chujio la motokrosi ni povu la tabaka mbili linalokamata vumbi kwa mafuta yanayonata. Likitoka, usilifue kwa petroli. Petroli inakula gundi inayoshikilia matabaka na ile mishono ya pembeni, na chujio linaachia bila wewe kuona. Tumia dawa yake ya kusafishia, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni. Likamue kwa kulibana katikati ya viganja, usilisokote kama nguo. Lioshe upande wa ndani kwanza ili uchafu utoke ulikoingilia. Liache likauke kabisa kivulini, maana povu lenye unyevu halishiki mafuta.

Kisha weka chujio kwenye mfuko wa plastiki, mimina mafuta ya chujio, ukande kwa nje mpaka rangi iwe moja kila mahali. Ukiona doa lililopauka, hapo vumbi litapita. Ukiona mafuta yanachuruzika, umezidisha, na pikipiki itakosa pumzi. Bana yanayozidi yatoke, uliache usiku mzima ile dawa ya kuyeyushia iruke na kubaki unato. Asubuhi paka grisi nyembamba kwenye ukingo unaokaa kwenye boksi la hewa. Ukingo huo ndipo wengi wanapoharibu: chujio safi kabisa, limepakwa mafuta vizuri, limekaa upande. Lifunge, kisha zungusha kidole ukingoni kote kuhakikisha limeketi.

Kipimo cha mwisho ni kitambaa cheupe. Ukilitoa chujio baada ya mbio, kabla hujafanya lolote, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe kwenye mdomo wa hewa nyuma yake. Kikitoka na punje hata tatu, chujio halikufanya kazi. Usiwashe tena injini hiyo kabla hujajua kwa nini.

Vumbi lililopita linafanya nini? Linakwangua pistoni na ringi, hilo mnalijua. Lakini kwenye injini hizi za mipigo minne linaanza na valvu za kuingizia hewa. Linasaga uso wa valvu na kiti chake, valvu inapanda juu kidogo kidogo, na ule uwazi wake unapungua. Uwazi ukiisha, injini ikipata moto valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, na pikipiki inakataa kuwaka ikiwa ya moto. Kijana ameanguka, pikipiki imezima, anabonyeza swichi haiwaki, wenzake wanapita. Watu watasema betri. Fundi apime valvu kwanza. Na uwazi ukishapungua mara mbili ndani ya muda mfupi, usiendelee kuurekebisha kwa vishimu tu, vile vibati vya kupimia uwazi, valvu hiyo imekwisha.

Oili ya injini hizi ni kidogo, lita moja na kitu, na inafanya kazi ya injini, gia na klachi pamoja. Kila saa 5 za kuendesha ibadilishwe. Wekeni kipima saa kwenye pikipiki. Atakayewaambia "hii imeendeshwa kidogo tu" bila kipima saa, msimsikilize.

Jambo la springi ya nyuma limejaa ubishi usio na sababu, na lina jibu la namba. Pikipiki ikiwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma likining'inia, pima kutoka katikati ya ekseli kupanda wima hadi alama uliyoweka kwenye madigadi. Tuseme ni milimita 600. Ishushe chini, isimame yenyewe bila mtu, pima tena: 565. Tofauti, 35, ndiyo kubonyea kwa pikipiki tupu. Mwendeshaji apande akiwa na mavazi yote, kofia, buti, kinga za magoti, akae mahali anapokaa mbioni, miguu kwenye vikanyagio, mtu mmoja akishika mbele. Pima: 497. Kubonyea na mtu ni 103. Kwa pikipiki kubwa lengo ni kati ya 100 na 105, na kwenye mchanga unaweza kufika 110.

Wengi wanaishia hapo, na ndipo wanapokosea. Namba ya pikipiki tupu ndiyo inayokuambia kama springi yenyewe inakufaa. Iwe kati ya 30 na 40. Ukiwa na 103 juu ya kiti lakini pikipiki tupu inabonyea 20 tu, springi yako ni laini mno. Umeikaza sana ili ikubebe, na sasa nyuma inaruka kila ukifunga breki. Ukiwa na 103 na tupu inabonyea 50, springi ni ngumu mno. Watu hufikiri ni kinyume chake, wananunua springi isiyo sahihi kwa pesa nyingi, kisha wanaanza kuzungusha kliki kutafuta dawa ambayo haimo kwenye kliki.

Cheni: ukiwa na mashaka, bora ilegee kidogo kuliko kukaza. Pikipiki inapobonyea nyuma, cheni inajikaza yenyewe. Ikiwa ilikuwa imekaza tayari, inavuta beringi ya shafti ya gia na kuizuia shokapu isimalize safari yake. Siku ya tope iache ilegee zaidi ya kawaida, maana tope linajaa kwenye meno ya sproketi na kuikaza. Kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Spoku zigongwe kwa spana ndogo kila baada ya kuendesha, na ya kwanza kulegea kwa kawaida ni ile iliyo jirani na kifungio kinachobana tairi kwenye rimu. Anza na hiyo.

Tope ni elimu yake peke yake. Linaloua pikipiki ni uzito na joto. Tope linaganda chini ya madigadi, kwenye vikanyagio, kati ya injini na bamba la chini, na kilo zinaongezeka kila mzunguko. Mafundi wanajaza nafasi hizo kwa povu jepesi linalopitisha maji, tope likose mahali pa kukaa, na wanapulizia silikoni chini ya madigadi, kamwe si karibu na diski za breki. Rejeta ikizibwa, maji yanachemka na kutoka kupitia kifuniko. Kifuniko chenye mgandamizo mkubwa zaidi kinachelewesha kuchemka, lakini hakitengenezi rejeta iliyoziba. Mwendeshaji naye avae miwani yenye utepe wa kuvuta, ajifunze kuuvuta kwenye eneo lililonyooka, si angani.

Tuingie kwenye kuchomoka getini, kwa sababu sifuri nyingi za msimu zinapatikana kwenye kona ya kwanza. Watu hadi 40 wanasimama mstari mmoja na wote wanataka kona ile ile. Aliyechomoka vibaya anaingia kundini, na kundini ndiko kuna mipini inayogongana. Kwenye MXGP nyuma ya geti kuna wavu wa chuma, ili kila mmoja apate mshiko sawa. Chuma hakina huruma na tope: tairi lenye udongo linazunguka bure juu yake. Ndiyo maana mnawaona wanasafisha tairi kabla ya kupanga mstari.

Shokapu za mbele zinafungwa chini kwa kile kitufe cha kuanzia, pua isipande. Kwa 450 gia ya pili kwa kawaida. Keti theluthi ya mbele ya kiti, miguu yote miwili chini, kidevu juu ya usukani. Kinaonyeshwa kibao cha sekunde 15, kisha cha sekunde 5, na geti linaanguka muda wowote kati ya sekunde 5 na 10 baadaye. Shika sauti moja ya injini, usipandishe na kushusha. Tazama pini ya geti lako, usitazame mtu. Klachi iachiwe polepole katika mita za kwanza, isirushwe. Kosa la kawaida ni kutoka na gesi yote na klachi yote kwa pamoja: gurudumu la mbele linapanda, unalazimika kufunga gesi, na wenzako 20 wameshapita. Kosa la pili ni kusahau kwamba kitufe kile hufunguka pale tu unapofunga breki kwa nguvu ya kutosha. Ukiingia kona ya kwanza taratibu mno, mbele bado kumefungwa chini, na tuta linalofuata litakutupa.

Bendera nazisema upesi kwa sababu kila mwaka kuna wanaozilipia. Njano inayopeperushwa: punguza mwendo, usipite mtu, usiruke tuta. Nyeupe yenye msalaba mwekundu: wauguzi wako njiani, nayo hairuhusu kuruka. Bluu: unapitwa kwa mzunguko mzima, acha njia. Kuruka chini ya njano kunaadhibiwa hata kama hakuna aliyeumia, na inavyopaswa kuwa ni hivyo hivyo.

Kwa mtakaotazama, shikeni saa. Majira ya kiangazi sehemu kubwa ya Ulaya iko nyuma yetu kwa saa moja, na raundi za Machi kabla ya wao kubadili saa iko nyuma kwa saa mbili. Mbio za Jumapili za raundi za Ulaya huanza mchana wao, kwa hiyo kwetu kaeni tayari kuanzia saa 8 mchana hadi saa 1 jioni. MX2 na MXGP zinapishana, kila daraja likipata muda wa kupumzika kati ya mbio zake mbili. Tumieni mapumziko hayo kutazama mafundi kuliko matangazo. Mkiona kamera imepita hemani na chujio linabadilishwa, springi inatolewa, au sproketi ya nyuma imeshushwa, mmeshapewa taarifa ya mbio ya pili kabla haijaanza.

Na msitazame mzunguko wa haraka peke yake. Chukueni daftari, andikeni muda wa mwendeshaji mmoja kila mzunguko. Uwanja ukiwa wa dakika 2, mbio ina mizunguko kama 17. Anayepoteza sekunde moja kila mzunguko kwa anayeongoza anamaliza sekunde 17 nyuma, na kuanguka mara moja kunakula karibu sekunde hizo hizo. Mtu ambaye mizunguko yake yote imekaa ndani ya sekunde mbili, kutoka wa tatu hadi wa mwisho, huyo ndiye wa kuogopwa ifikapo Septemba, hata kama Machi anamaliza wa tano.

Kwa vijana wetu wanaolenga mashindano ya mataifa ya Afrika chini ya FIM Africa, ambako Kenya na Uganda hukutana na wenzao wa Zambia, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, hesabu haibadiliki. Kwenye mbio za timu, sifuri yako inabebwa na bendera nzima.

Sasa tutoke nje, upande wa nyuma wa ukumbi, kwenye kivuli. Kuna stendi mbili na futi za chuma. Tutaanza na waendeshaji wepesi, maana springi zao ndizo zinazokosewa zaidi: pikipiki nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimetengenezwa kwa mtu mzima. Kila mmoja aje amevaa kila kitu, buti na kofia pia, na tangi liwe na petroli ya mbio moja. Waliokuja na chujio la ziada walilete tulitazame ukingo. Kitambaa cheupe tunacho.